Mstari wa Alfajiri na Sufuria ya Maulidi

Shabani amekasirika nami. Jumanne alfajiri, alipomaliza tu adhana, avenue nzima, mtaa wetu wote, ilimpigia masufuria, mabati na filimbi kama mwizi anayefukuzwa, mpaka askari wa kizuizi cha kule chini wakaja mbio na bunduki zao. Baadaye akasikia kwamba sufuria ya kwanza kulia ilikuwa yangu, mimi niliyemfundisha kazi. Tangu hapo amenipita sokoni mara mbili bila salamu. Ana haki. Kwa hiyo ninamwandikia, yeye na atakayemfuata, mambo ya kazi hii tangu mwanzo, maana nikianzia mwisho hatanielewa. Jina la avenue yetu sitaliandika, na ukifika mbele utajua kwa nini.

Mimi sikuzaliwa kwa ajili ya msikiti. Nilikuwa kijana wa lori la baba yangu mdogo, kutoka Butembo mpaka Kanyabayonga, kisha kurudi na viazi na maharagwe ya Lubero hadi Beni. Sauti yangu niliipata huko, kwa kumpigia dereva kelele anaporudi nyuma penye mashimo. Siku moja lori lilituharibikia Beni, tukakaa kungoja kipuri, na Ijumaa nikaenda kuswali katika msikiti mdogo wa matofali na bati uliokuwa karibu. Nilipotoka nikamwita mwenzangu aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Mzee mmoja akanishika mkono, akanikazia macho.

"Sauti kama hii, unaita nayo batu ya muzigo tu?"

Ndiye Mzee Ramazani, muadhini wa msikiti ule, mtu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Kifua kilikuwa kimemchosha na alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia kazi. Kipuri kilifika, lori likaondoka, mimi nikabaki. Baba mdogo alisema nimerogwa.

Siku ya kwanza Mzee Ramazani alinipandisha kwenye ngazi ya matofali iliyo ubavuni mwa msikiti, ile ambayo Shabani anaipanda leo, akaniambia nifumbe macho. Nikafikiri ni jambo la ibada. Hapana. Ukiwa juu ya ngazi ile unaona ndani ya parcelle, viwanja vyote vya majirani, bafu zao za mahema na kamba zao za nguo. Majirani wengi ni Wakatoliki, na hawakutuomba tujenge hapo. "Ukifungua macho," alisema, "kesho batasema tunachungulia bibi zao, na msikiti utafungwa juu ya macho yako." Siku ile niliyafumba kwa bidii mpaka nikakosa kidato wakati wa kushuka, nikachunika goti. Yeye alicheka mpaka akakohoa.

Lakini macho yakifumbwa, masikio yanafunguka. Kwa miaka ile yote niliijua avenue yangu kwa sauti. Nilijua komeo la fundi cherehani, ambalo lilihitaji mafuta na halikuwahi kuyapata. Nilijua mlango wa bati wa chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, ulioburutwa chini. Zaidi ya yote nilijua komeo la Mama Kahindo, jirani yetu wa mbele: lilikwaruza mara ya kwanza kwa shida, likanyamaza, kisha likakwaruza mara ya pili na mlango ukafunguka. Kila alfajiri nilipomaliza kuita, hilo ndilo lililonijibu.

Mama Kahindo ni mjane wa mwalimu wa katekesi, mwimbaji wa kwaya, na mpika mandazi. Sidhani kama kuna Mwislamu aliyeisikiliza sauti yangu kuliko yeye. Wiki yangu ya kwanza alikuja na bakuli la mandazi kunikaribisha, akaniambia kwamba Jumatano nilikohoa katikati na Alhamisi nilikwenda mbio. Kisha akauliza swali ambalo waumini wetu wenyewe hawajawahi kuniuliza.

"Papa Idi, ile mustari moya unasemaka asubui tu, unairudilia mara mbili, mangaribi hauisemake. Inasema nini?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni ya alfajiri peke yake: swala ni bora kuliko usingizi.

"Ni kweli," akasema. "Na mandazi vilevile."

Mzee Ramazani alikuwa mkali sana juu ya mstari huo. Mambo mengine alinisamehe. Nilipovuta neno kupita kiasi alisema nitajirekebisha. Lakini nilipouruka siku moja ya kujifunza alinishusha kwenye ngazi. Aliniambia kwamba ukiuacha, umewaamsha watu bila kuwaambia sababu, na hayo ni makelele tu. Nikajizoeza mpaka ukawa unatoka wenyewe. Niliusema nikiwa na malaria, meno yakigongana. Niliusema asubuhi tuliyomzika yeye.

Vijana wanaokuja leo wanadhani kazi ya msikiti ni swala. Shabani, wewe umekwisha kuona: nusu ya kazi ni majirani. Tangi letu la maji ya udhu ndilo lililonywesha avenue wakati bomba lilipokauka. Jeneza letu, lile la mabomba mepesi, limebeba Wakatoliki na Waprotestanti kuliko Waislamu, kwa sababu ni jepesi na mlima wa makaburi ni mkali. Nililiosha na kulikausha kila lilipopelekwa makaburini na kurudishwa, nawe fanya hivyo. Mtoto akipotea sokoni, mama yake haendi kwanza polisi, anakuja kwetu, na spika inamtaja mtoto na rangi ya shati lake. Halafu kuna masufuria ya maulidi, yale makubwa ya kupikia pilau. Hakuna ndoa wala kilio wala komunyo ya kwanza iliyofanyika pale bila masufuria hayo. Kuyaazima ni rahisi. Kuyarudisha ni kazi ya muadhini, kwa kutembea nyumba kwa nyumba na kuulizia afya za watu kwanza.

Kisha ikaja ile miaka ambayo bado tumo ndani yake.

Sitaieleza yote, kila mtu wa Beni anayo ya kwake. Watu walianza kuingia mjini kutoka upande wa msitu na magodoro kichwani, wakalala uani kwetu, na asubuhi niliruka miguu ya watoto ili nifike kwenye tangi. Walisema adui, waasi wa msituni, hutembea na panga. Walisema hugonga mlango na kusema jina la jirani ili ufungue. Mimi niliogopa kama wengine, tena niliogopa mara mbili: niliogopa adui usiku, na mchana niliwaogopa majirani zangu wenyewe, kwa sababu ilisemwa kwamba adui huyo anasali kama sisi. Nilianza kuvua kofia yangu nikienda sokoni. Naona aibu kusema hivyo, lakini niliivua, nikaikunja na kuitia mfukoni.

Jioni moja chef d'avenue aliitisha mkutano mbele ya msikiti. Alisimama akiyazungukazunguka maneno.

"Batu banasema hii spika inapatiaka adui ishara. Mais si mimi nasema. Ni batu. Donc, pengine tuizime kwanza."

Nilikuwa nimesimama pale na kofia mfukoni. Hakuna aliyenitazama. Ndipo Mama Kahindo akatoka kwenye kundi, mikono yake imejaa unga.

"Mukiizima, nani ataniambia kama kumekucha? Saa ya marehemu ilikufaka pamoja na yeye. Kengele ya kanisa, kule paroisse, iko mbali, na upepo ikipiga kule hatusikiye. Miye nafungulaka mulango kisha kusikia Papa Idi. Mbele ya pale, hata Askofu agonge, sifungule!"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Mwingine akasema hata kwake ni hivyo. Na mwingine. Chef d'avenue, ambaye hupenda jambo lenye amri ndani yake, akapata amri yake.

"Bon. Basi, tangu leo mutu hapana kufungula mulango mbele ya adhana ya asubui. Mwenye kugonga mbele ya pale, tutamuhesabu adui."

Wote walinishika mkono siku ile. Walidhani wamenipa heshima, nami nilitabasamu. Lakini nilipokwenda kulala nilihisi kama nimekabidhiwa makomeo ya nyumba zote, na nilitamani yule baba mdogo arudi na lori lake anichukue.

Kwa sababu ya couvre-feu, amri ya kutotoka usiku, sikuweza kutembea kutoka nyumbani kwangu kabla ya mapambazuko, kwa hiyo nilihamia katika stoo ya msikiti, kati ya mikeka na jeneza. Mwanzoni niliogopa jeneza. Baadaye niliogopa nje, na jeneza likawa mwenzangu.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Asubuhi moja, wakimbizi wakiwa wamekwisha kuondoka uani kwetu, ilipokaribia saa ya kuita, nilitoka kwenda kwenye tangi kutia udhu. Nilikuwa nimeosha mkono mmoja. Watu walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa tangi, kimya, kama wageni wanaongoja chai. Makoti yao yalikuwa ya kijeshi, lakini hayakuwa na alama yoyote, na walinuka pombe kali. Mpaka leo sijui walikuwa nani. Mmoja alisimama akanielekezea bunduki kifuani bila haraka.

"Papa, weye njo muadhini?"

Nikasema ndimi.

"Tunajua batu ya hapa banafungulaka milango kisha weye kuita. Leo utaita sasa hivi, wakati kungali giza. Ukifanya mayele, hila yoyote, tunakumaliza. Noki, haraka!"

Shabani, nataka ujue hofu ilivyo, kwa sababu watu wakisimulia huiruka. Maji ya udhu yalikuwa yakinitiririka kwenye kiwiko na sikuweza kufunga bomba. Yule mtu ndiye aliyelifunga. Wenzake walivuka barabara, wakajibanza kwenye kichochoro kilicho kando ya nyumba ya Mama Kahindo. Alikuwa analala na wajukuu wake. Nilijua kwamba mlango wake ndio hufunguka kwanza, na wao nadhani walijua pia.

Yule mwenye bunduki alinisukuma mpaka ndani, kwenye ampli, mashine ya spika; siku ile hakunipandisha ngazini. Niliunganisha waya wa batri na taa nyekundu ikawaka. Spika ilianza kunguruma kule juu. Mdomo wa bunduki ulikuwa nyuma ya sikio langu, baridi. Nikikataa, nakufa, na wao watasubiri na kugonga milango kwa namna nyingine. Nikiita, avenue nzima inatoka gizani na ndoo na mabakuli, kwa sababu mimi nimewaambia kumekucha.

Nikaanza kuita. Nilivuta kila neno, si kwa uzuri, bali kwa sababu sikutaka kufika. Nilikuwa bado sijui nitafanya nini. Nilipomaliza kuwaita watu kwenye kufaulu, ulifika ule mstari, ulimi wangu ulikuwa umekwisha kujiandaa wenyewe, nami nikaumeza. Nikaruka moja kwa moja kwenye takbira ya mwisho. Niliita kama anayeita magharibi.

Yule mtu hakutikisika. Alinigonga bega kidogo, akasema, "Muzuri."

Halafu kukawa kimya, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote. Kwani nani angejua? Waumini wetu wenyewe, nusu yao husikia adhana wakiwa ndani ya ndoto. Wangesema mzee amechoka, amesahau. Nikasikiliza. Nikasikia komeo la Mama Kahindo likikwaruza mara ya kwanza.

Nilingoja mkwaruzo wa pili. Haukuja. Badala yake nikasikia chuma kikirudi taratibu mahali pake, na mara sufuria ikalia mle ndani, kubwa, nzito, kama kengele iliyopasuka. Ilikuwa sufuria yetu ya maulidi, aliyoazima kwa ajili ya komunyo ya mjukuu wake, na ambayo nilikuwa nimekwenda kuiulizia afya zaidi ya mara moja. Kwetu kila mtu anajua maana ya sufuria inayopigwa ndani ya mlango uliofungwa: adui yuko nje. Fundi cherehani akajibu kwa bati. Chef d'avenue akajibu kwa filimbi yake ya amri. Kisha avenue yote, kisha ya pili, na mbwa, na watoto wakilia, mpaka ukuta wa msikiti ukatetemeka mgongoni mwangu. Risasi ya kwanza ilipolia kutoka kwenye kizuizi cha askari, yule mtu alinipiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, akachukua ampli na kukimbia.

Sikusimama. Nilikaa sakafuni na damu kwenye kanzu mpaka mwanga ulipoanza kuonekana kwenye bati. Wakati ulikuwa umefika. Nikapanda ngazi kwa kushikilia ukuta, nikafumba macho kwa mazoea, nikaita kwa kinywa kitupu. Jino la mbele halikuwepo na kila neno lilitoka na mluzi. Nilipofika kwenye mstari ule niliusema mara mbili kama inavyotakiwa, nikilia waziwazi. Komeo la Mama Kahindo likakwaruza mara ya kwanza, na ya pili.

Alivuka barabara, akaniangalia mdomo, akanikalisha kwenye ukuta wa tangi na kunipangusa damu kwa kitenge chake.

"Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nimeshika komeo. Nikasema, ile mustari iko wapi? Miaka yote hii, Papa Idi, hauikosake. Hata siku ya malaria uliisema. Nikasema, hapana, huyu mutu iko na mutu nyuma yake."

Nikamwambia wasingya, kwa Kinande chao, kwa sababu asante ilionekana ndogo. Naye akaniambia sufuria sasa imebonyea chini, nisije nikamlaumu.

Chef d'avenue alipita nyumba kwa nyumba mchana ule. Alisema jambo hili lisitajwe, wala sokoni, wala kanisani, wala kwenye simu, kwa sababu siku adui wakiujua mstari, sisi hatutakuwa na kitu tena. Avenue yenye mdomo mkubwa kama yetu ililinyamazia jambo hili mpaka leo. Lakini halikusahauliwa. Kila alfajiri tangu siku ile nilijua kwamba nyuma ya kila mlango kuna mtu amesimama ameshika komeo, anasubiri mstari mmoja. Nilipoukaribia, nilishika ukuta wa ngazi kwa mikono yote miwili. Nilifanya hivyo mpaka siku ya mwisho ya kazi.

Meno yalipozidi kupungua na pumzi ikakata, tulikuleta wewe kutoka Butembo, na sauti ambayo Mama Kahindo alisema haina mkwaruzo hata mmoja. Kamati iliniuliza nataka zawadi gani ya kustaafu. Nikaomba sufuria iliyobonyea. Wakadhani natania.

Nilikufundisha yote: maji ya batri ya ampli mpya, waya unaolegea, jeneza, macho ya kufumba. Nilikuambia usiuache mstari ule, kama nilivyoambiwa na Mzee Ramazani. Sikukuambia sababu nyingine. Nilikuona unapanda ngazi kila asubuhi bila hofu yoyote, mikono yako imetulia, na nilitaka angalau mtu mmoja katika avenue hii aite hivyo. Nilisema nitakuambia mwezi ujao, kisha mwezi ujao.

Jumanne nilikuwa nimelala macho wazi, kama kawaida yangu wakati huo. Ulianza vizuri. Nilifuatana nawe kimoyomoyo. Ukafika kwenye kufaulu, ukanyamaza kidogo, ukaenda kwenye takbira ya mwisho. Mke wangu Zaina alikuwa tayari ameketi kitandani.

"Hakuisema," alinong'ona.

Sikukumbuka kwamba una mtoto mchanga na hulali. Sikukumbuka lolote. Niliona tu bunduki nyuma ya sikio lako, na wewe ukiwa na akili ya kuruka, ingawa hakuna aliyekufundisha. Nikaivuta sufuria kutoka chini ya kitanda nikaipiga. Mama Kahindo, mikono yake imejaa baridi yabisi siku hizi, alikuwa wa pili.

Askari walipofika tulitoka wote mpaka mbele ya msikiti, mimi na sufuria yangu. Ulipotoka mlangoni na kandambili mguu mmoja, macho yamevimba, ukauliza kwa hasira nani amekufa, ulidhani tumekusanyika kukuaibisha. Nilikuwa bado napiga, Shabani. Zaina ndiye aliyenishika mkono. Mama Kahindo alikaa chini pale pale kwenye matope, akajifunika uso. Ukasema mbele ya watu wote kwamba ulikuwa ni usingizi tu, kwamba kila mtu hupitiwa.

Ndilo nililokuwa nikimwomba Mungu kwa kila pigo la sufuria ile: uwe ni usingizi, asiwe mtu nyuma yako.